Pesa za gemu moja: Witcher 3 au Disco Elysium kwa anayetaka hadithi

Swali hili vijana wa Lamu wenye laptopu na hamu ya visa huliuliza sana: nikiwa na pesa za gemu moja tu, nichukue The Witcher 3: Wild Hunt au Disco Elysium? Zote mbili ni RPG, yaani gemu ambazo unavaa uhusika wa mtu, unamkuza, na wewe ndiye unayeamua aseme nini na atende nini. Zote husifiwa kwa hadithi. Lakini sifa zenyewe hazizungumzii jambo moja, na anayenunua kwa kufuata sifa za jumla huishia na gemu ambayo ataiacha njiani.

Jibu langu nalitoa mapema: kwa hadithi, Disco Elysium iko juu. Nimefika hapo kwa kipimo kimoja, na namwomba kila anayetaka kununua akitumie. Usiangalie gemu inakusimulia nini unaposhinda. Angalia inafanya nini unaposhindwa.

Gemu nyingi zina dawa moja tu ya kushindwa. Dubwana limekuua, skrini imeingia giza, umerudishwa pale ulipohifadhi mara ya mwisho, na ulimwengu mzima umesahau kwamba ulikufa. Hadithi ilikuwa imesimama kando ikikungoja ujifunze kupigana. Mwishoni unabaki na kisa cha mtu ambaye hakuwahi kushindwa hata mara moja. Sisi watu wa pwani tunajua kisa cha namna hiyo kinapungukiwa na nini. Fumo Liyongo alikuwa na nguvu za ajabu, lakini si nguvu zilizomfanya akumbukwe karne zote hizi. Anakumbukwa kwa sababu siri yake ilitoka, akachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa, na mwana mwenyewe asipate alichoahidiwa. Liyongo asiyeanguka asingepata mtu wa kumsimulia.

Basi tuzipitishe gemu hizi mbili kwenye kipimo hicho.

The Witcher 3 ilitoka tarehe 19 Mei 2015, kazi ya CD Projekt Red ya Poland. Wewe ni Geralt wa Rivia, mwindaji wa madubwana anayelipwa kwa kazi, na unamtafuta Ciri, binti uliyemlea, ambaye anasakwa na wapandafarasi kutoka ulimwengu mwingine. Uzi huu mkuu si sehemu bora ya gemu. Kwa saa nyingi unafika mahali, unaambiwa Ciri alipita hapa, unaombwa ufanye kazi fulani kabla ya kuelezwa alikokwenda, unaifanya, kisha unaelekezwa kwingine. Velen ni hivyo, Novigrad ni hivyo, Skellige ni hivyo. Na Eredin, mkuu wa hao wapandafarasi, hana maneno ya kutosha kuwa adui wa kukumbukwa.

Utamu uko kando ya njia. Ukifika Crow's Perch katika Velen, misheni ambayo gemu inaipendekezea levo ya 6, utamkuta kamanda mmoja mlevi ambaye watu humwita Bloody Baron. Mkewe na bintiye wametoweka. Anasema atakueleza habari za Ciri ukimtafutia watu wake. Unapopekua nyumba yake mwenyewe, vitu unavyookota vinakueleza mambo ambayo yeye hakuyasema, na huruma yako kwake inaanza kuyumba. Kisha kisa kinakupeleka kwenye kilima cha Whispering Hillock, ambako chini ya mti kuna roho iliyofungwa, nawe unachagua kuifungua au kuiua. Kinachofuata sitakitaja. Nitaeleza tu kilivyojengwa. Unachagua kwa sababu moja iliyo mbele ya macho yako, na gharama yake inaangukia watu wengine ambao hukuwafikiria, saa kadhaa baadaye, wakati nakala uliyohifadhi kabla ya uamuzi iko mbali mno kuirudia. Waandishi wanaijua hila ya wachezaji ya kurudi nyuma, wakaitenganisha gharama na uamuzi kwa makusudi. Na hakuna njia safi, kila upande una wa kumlilia.

Hapo Witcher 3 inafaulu mtihani wangu kwa alama za juu. Kinachoshindwa pale ni hukumu yako, wala si upanga wako, na gemu haikurudishi nyuma.

Mbinu hiyo imewekwa mapema zaidi, ila kwa udogo, na wengi huipita. Katika White Orchard, eneo la mwanzo kabisa, kuna mganga wa mitishamba aitwaye Tomira ambaye ana mgonjwa mahututi. Unaweza kumpa mgonjwa dawa ya wawindaji, ambayo kwa mtu wa kawaida ni sumu au ni shifaa, haijulikani. Ukimpa, hupewi jibu papo hapo. Jibu liko Velen, kinywani mwa askari, nawe hulipati usipopita alipo.

Mwisho wa Ciri mwenyewe nao umefungwa kwa namna hiyohiyo. Unaamuliwa na maonyesho machache madogo yanayokuja kuanzia vita vya Kaer Morhen, ngome ya wawindaji wenzake Geralt, na hakuna hata moja linalokuwekea alama kwamba hapa pana jambo zito. Bila kukuharibia, shika hili: maonyesho hayo yanapima kama unamchukulia Ciri kama mtu mzima anayeweza kuamua, au kama mtoto wa kukingwa. Mchezaji anayejibu kila mara kwa nia njema ya kumlinda anaweza kupata mwisho mchungu kuliko yote. Nauheshimu sana uandishi huu, kwa sababu ndivyo malezi yalivyo.

Lakini kati ya misheni hizo nzuri kuna mapigano, mapigano mengi, na ukifa vitani hadithi inarudi kwenye dawa ile ya zamani. Ndiyo sababu anayeifuata kwa ajili ya kisa ninamshauri achague kiwango cha chini kabisa cha ugumu, kile kiitwacho Just the Story. Hupotezi sentensi hata moja ya hadithi. Unachopunguza ni kufa tu.

Yapo makosa yanayoua hadithi ya Witcher 3 mikononi mwa mchezaji. Kubwa ni kuzifuata alama za kuuliza zilizojazwa kwenye ramani. Skellige ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu bahari yake imetapakaa masanduku ya magendo, na ukiyaandama unazama majini kutwa huku Ciri yuko hatarini. Unatoka hapo una levo kubwa kuliko misheni zilizobaki, na misheni iliyo levo sita au zaidi chini yako haikupi pointi za maana. Mwendo wa kisa unakufa. Acha zile za baharini zote. Kosa jingine ni kwenda kisiwa cha Isle of Mists haraka. Gemu inakuonya kabla ya kuondoka, na onyo lile ni la kweli: misheni nyingi za marafiki zikiwa hazijakwisha hufungwa moja kwa moja, na wanaokuja kukusaidia Kaer Morhen hupungua. Ukiona onyo hilo, rudi umalize ya Triss, Yennefer, Keira na Dijkstra kwanza.

Nyongeza ya Hearts of Stone, ya Oktoba 2015, kwa maoni yangu ndiyo hadithi iliyosukwa vizuri kuliko zote ndani ya Witcher 3, kupita hata ya Baron. Ni kisa cha Olgierd von Everec, bwana aliyefanya mapatano na mtu aitwaye Gaunter O'Dimm, na O'Dimm huyo ulikwisha kukutana naye katika mkahawa wa White Orchard mwanzoni kabisa, akajitambulisha kama mchuuzi wa vioo. Aliyekua akisikia ngano za majini na ahadi atamtambua mara moja: huyu hutimiza neno kama lilivyotamkwa, si kama lilivyokusudiwa. Imeandikwa kwa levo ya 32, lakini ukianza mchezo mpya unaweza kuichagua peke yake ukapewa Geralt wa levo hiyo tayari. Kwa mwenye muda mfupi, hiyo ni hadithi kamili ya takriban saa kumi. Blood and Wine ya Mei 2016 ni kubwa na inapendeza macho, ila kisa chake ni chepesi zaidi.

Sasa Disco Elysium.

Ilitoka Oktoba 2019, kazi ya ZA/UM, kundi lililoanzia Estonia. Inayouzwa sasa ni The Final Cut ya Machi 2021, ambayo imeongezewa sauti za waigizaji kwa mazungumzo yote. Maandishi yake yanapita maneno milioni moja. Unaamka sakafuni katika chumba juu ya hosteli iitwayo Whirling-in-Rags, hujui jina lako, hujui kazi yako. Kumbe u polisi. Nyuma ya jengo kuna maiti ya mtu aliyenyongwa mtini, imening'inia siku saba, na wewe ndiye uliyetumwa kuishusha. Mtaa unaitwa Martinaise, uko kando ya bandari ya jiji la Revachol. Wafanyakazi wa bandari wamegoma, chama chao kinaongozwa na Evrart Claire, na kampuni ya Wild Pines imemtuma Joyce Messier kuzungumza. Unasaidiwa na Luteni Kim Kitsuragi kutoka kituo kingine.

Hakuna mfumo wa mapigano. Hata risasi zinapopigwa, zinapigwa ndani ya mazungumzo, kwa dadu. Na dadu ndizo moyo wa gemu hii, kwa hiyo nazieleza sawasawa.

Una sifa nne kuu, na kila moja ina ujuzi sita, jumla 24. Ujuzi hizi si tarakimu tu, ni sauti kichwani mwako, na kila moja ina tabia. Encyclopedia anakumwagia habari, nyingine hazina kazi yoyote. Electrochemistry anataka pombe na sigara. Half Light anaona hatari nyuma ya kila mlango. Inland Empire anazungumza na tai uliyovaa, na tai inamjibu. Kila pointi unayoweka ni kuamua sauti ipi isikike zaidi, na sauti iliyopewa nguvu nyingi haisemi kweli zaidi kwa sababu hiyo. Inasema kwa ujasiri zaidi. Wachezaji wawili wakipita kwenye mlango uleule wanasoma maneno tofauti, kwa kuwa sauti nyingi hujitokeza zenyewe kimyakimya, bila dadu, pale ujuzi wako unapofikia kiwango kilichofichwa.

Unapojaribu jambo kwa hiari yako, gemu inarusha dadu mbili, inajumlisha na ujuzi wako, inalinganisha na kiwango cha ugumu. Tuseme ugumu ni 12 na ujuzi wako ni 4. Unahitaji 8 au zaidi. Kati ya michanganyiko 36 ya dadu mbili, 15 inatosha, kwa hiyo utaona asilimia 42. Ongeza pointi moja tu ya ujuzi, sasa unahitaji 7, na michanganyiko 21 inatosha: asilimia 58. Hapo katikati ya mizani ndipo pointi moja ina thamani kubwa kuliko popote, basi usiitumie kwenye jambo ambalo tayari lina asilimia 90. Sita mbili hufaulu daima na moja mbili hushindwa daima, ndiyo maana hutaona chini ya asilimia 3 wala juu ya 97.

Majaribio haya ya dadu yana rangi mbili. Meupe yakishindwa hufungwa, yakafunguka tena ukipandisha ujuzi ule, au wakati mwingine ukigundua jambo jipya mtaani. Mekundu unajaribu mara moja tu, basi.

Na hapa ndipo kipimo changu kinapoipa gemu hii ushindi. Kushindwa kumeandikwa. Si kwa sentensi moja ya pole, bali kwa uangalifu uleule wa ushindi, na mara nyingi kwa ustadi zaidi. Mapema sana, Garte, msimamizi wa hosteli, anakudai réal 130, pesa za mji ule, kwa ajili ya chumba ulichokivuruga. Unaweza kujaribu kutoroka kwa ujuzi wa Savoir Faire. Ukishindwa, unaruka kinyumenyume huku unamtukana kwa vidole, unamwangukia mwanamke mzee aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, na watu wote mkahawani wamekuona. Sasa wewe ni polisi wa namna hiyo. Kim amekuona. Mazungumzo ya baadaye yanalijua hilo, na deni bado liko.

Chukua pia lango la bandari, analolinda jitu liitwalo Measurehead. Unaweza kupigana naye. Unaweza kukubali kujifunza nadharia yake ya ubaguzi ili akupishe, na nadharia hiyo ikakaa kichwani mwako kama fikra yako mwenyewe. Au unaweza kutafuta njia ya juu na kuruka. Kila njia inakufikisha kwa Evrart Claire, ila hufiki ukiwa mtu yuleyule. Ukishindwa kupigana, hupewi skrini nyeusi. Unapewa aibu, na aibu ina njia yake ya kuendelea mbele.

Kim ndiye anayeyafunga yote haya pamoja. Hakulaumu kwa sauti. Anaandika kwenye daftari lake, anasahihisha kwa adabu, na polepole unagundua kwamba kila jaribio unalifanya mbele ya macho yake. Sijui gemu nyingine ambayo heshima ya mwenzako inauma kupotea kiasi hicho, ilhali hakuna kipimo chochote kwenye skrini kinachokuonyesha imebaki ngapi.

Kwa msomaji wa visiwa hivi, Martinaise ina jambo jingine. Ni mtaa uliowahi kuwa na makuu yake. Mapinduzi yalishindwa pale zamani, kuta bado zina matundu ya risasi, na watu wanapika na kufua katikati ya mabaki hayo. Aliyetembea katika magofu ya Pate au Takwa anaelewa mara moja mahali ambapo mawe yanazungumza kuliko wakazi. Upande wa pili wa mfereji, unaofunguka siku ya tatu, kuna kijiji cha wavuvi, na kule mwendo wa kisa unapungua ukawa wa taratibu na wa majonzi. Na mjadala wa bandari, nani apewe kazi, kampuni ya mbali ina haki gani, chama kinamtetea nani hasa, si mgeni barazani kwetu tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilipofunguliwa Mei 2021.

Ina udhaifu, na mnunuzi aujue. Anayetaka upelelezi mtupu, wa kukusanya ushahidi na kumbaini mkosaji kabla ya kuambiwa, atakasirika, kwani ukweli wa mwisho unatoka pale ambapo ushahidi wa mapema haukuelekezi. Miisho yake nayo haitofautiani sana kwa matukio. Witcher 3 inaishinda kwa upana wa miisho. Kinachobadilika hapa ni mtu uliyekuwa, na jinsi Kim anavyokuelezea kwa polisi wenzako wa kituo chako. Halafu ni kusoma, kusoma, kusoma. Asiyependa kusoma asiinunue kwa sababu mimi nimeisifu.

Hapo lugha inaingia. Hakuna Kiswahili katika gemu yoyote kati ya hizi. Kiingereza cha Witcher 3 ni cha mazungumzo, sentensi fupi, sauti na nyuso zinakusaidia kufahamu, na kwa aliyesoma Kiarabu vizuri kuna maandishi ya chini ya Kiarabu. Kiingereza cha Disco Elysium ni kizito: kina falsafa, siasa, kejeli za polisi, na maneno yaliyobuniwa kwa ulimwengu ule peke yake. Neno usilolikuta kwenye kamusi huenda halipo duniani. Soma mbele, litaelezwa. Faida ni kwamba muda hausogei unapotembea wala unaposimama kufikiri. Muda husogea unapozungumza na unaposoma vitabu vya ndani ya gemu tu. Kwa hiyo unaweza kukaa juu ya sentensi moja hata nusu saa na hakuna kitakachokupita. Kama Kiingereza chako kinakwama katika gazeti, anza na Witcher 3, na hukumu yangu yote ya hapo juu iweke kando.

Mashine ndiyo mara nyingi inayoamua. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa hapa, zenye Core i5, RAM ya GB 8 na grafiki ya ndani ya Intel, zinaiendesha Disco Elysium; punguza ukubwa wa picha ikikwama. Inahitaji nafasi ya GB 20. Witcher 3 inataka kadi ya grafiki yake yenyewe, kiwango cha chini GTX 660, na tangu sasisho la Desemba 2022 inataka nafasi ya GB 50. Kwenye grafiki ya ndani itafunguka kwa shida, na utakachokiona ni picha zinazokatika wakati Baron analia. Usijidanganye kwamba utavumilia. Kwa kadi ya zamani, chagua DirectX 11 unapoiwasha, si 12, kwani 12 ni nzito zaidi.

Piga hesabu ya bando kabla ya bei. Kwa intaneti ya Mbps 10 isiyokatika, GB 20 zinashuka kwa takriban saa nne na nusu, na GB 50 kwa saa kumi na moja. Mkiwa kundi la watu wanaosaidiana, kati ya maduka ya gemu ya mtandaoni GOG inakufaa kuliko Steam kwa jambo moja: faili zake za kusakinisha hazihitaji intaneti baada ya kupakuliwa, kwa hiyo unapakua penye mtandao mzuri, unaweka kwenye diski ya nje, na unasakinisha nyumbani. Gemu zote mbili ziko huko.

Bei ya kawaida ya Disco Elysium ni dola 39.99, na toleo kamili la Witcher 3 lenye nyongeza zote mbili ni dola 49.99. Usilipe bei hiyo. Zote mbili hushuka mara kadhaa kwa mwaka, hata chini ya robo. Asiye na kadi ya benki anaweza kutengeneza kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya M-Pesa na kulipia tovuti za nje zinazopokea Visa. Steam inakurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujacheza kupita saa mbili. GOG inakupa siku 30. Ila saa mbili hazizipimi gemu hizi kwa haki sawa. Katika Disco Elysium, saa mbili zinatosha kuonana na Garte, kusimama chini ya maiti na kusikia sauti zako zikigombana, na kama hujavutiwa hapo hutavutiwa. Katika Witcher 3, baada ya saa mbili bado uko White Orchard, na Baron yuko mbali.

Stima ikikatika, kinachokuumiza ni mazungumzo. Katika gemu zote mbili huwezi kuhifadhi ukiwa katikati ya mazungumzo, na katika Disco Elysium mazungumzo moja na Joyce au Evrart yanaweza kuchukua dakika ishirini au zaidi. Bonyeza F5 kabla ya kumsogelea mtu yeyote mwenye jina, na usianze mazungumzo marefu betri ikiwa chini. Lakini usiitumie F5 kurudia dadu. Anayerudisha nyuma kila anaposhindwa anaiondoa nusu bora ya gemu aliyoilipia.

Na usizifungue sebuleni mbele ya wazee na watoto. Witcher 3 ina utupu tangu onyesho la kwanza la Kaer Morhen, na Disco Elysium ina matusi, dawa za kulevya na maiti iliyoharibika. Ni za watu wazima, na visikilizio ni lazima.

Kwa atakayechukua Disco Elysium, namna ya kugawa pointi 12 za mwanzo kwa zile sifa nne kuu ni hii: Intellect 3, Psyche 5, Physique 2, Motorics 2. Usizisawazishe tatu tatu kote, sauti zote zitakuwa za wastani na nyingi zitanyamaza. Usiweke Physique 1 mara ya kwanza, maana afya yako ni sawa na ujuzi wa Endurance, na mwenye 1 anaweza kufa kwa mshtuko wa moyo akijaribu tu kuchukua tai yake kwenye feni chumbani. Kwa ujuzi wa kubobea, chagua Empathy kama unataka kuwaelewa watu, au Inland Empire kama unataka mambo ya ajabu. Nunua Nosaphed ya kuponya afya na Magnesium ya kurudisha ari kwenye kibanda cha Frittte mapema, kwa sababu kipimo cha afya au cha ari kikifika sifuri una sekunde chache tu za kuibonyeza dawa. Pointi za ujuzi unazozipata ukicheza usizimalize zote; kila pointi 100 za uzoefu hukupa moja mpya, na ukiiweka akiba moja unaweza kulifungua tena jaribio jeupe papo hapo lilipofungwa. Chupa tupu za mtaani ziokote zote, ukishapata mfuko wa kuzibebea. Zinauzwa, na kuanzia siku ya pili chumba kinakugharimu réal 20 kila usiku.